Njaa Husikiwa

Kwa Kiswahili njaa husikiwa. Tunasema "nasikia njaa" kama tunavyosema nasikia hodi, nasikia mtoto analia. Wapo wanaosema "naona njaa", na wapo wanaosema tu "njaa inauma", lakini neno nililokulia nalo mimi ni kusikia. Ukilichukua neno hilo kwa uzito wake, njaa ni sauti. Na sauti mtu anaweza kuifanyia mambo matatu: kuiitikia, kuiambia isubiri, au kuziba masikio.

Insha hii inahusu hilo la tatu. Je, kuna ubaya wowote mtu kutafuta njia ya kutosikia njaa kabisa, ili mwili upungue? Na kama anayejizuia anastahili sifa, je, anayeshindwa anastahili lawama?

Swali lililetwa kwangu na binti wa kaka yangu, mwenye miaka 19, aliye mwaka wa kwanza chuoni hapa Dar es Salaam. Aliniandikia usiku: "Shikamoo shangazi. Samahani kwa usumbufu. Kuna njia ya asili ya kukata hamu ya kula? Sitaki vidonge. Nataka tu nisiwe nasikia njaa." Kisha akanitajia alizokwisha kujaribu: maji ya uvuguvugu yenye ndimu asubuhi, siki ya tufaa kijiko kimoja kabla ya chakula, mdalasini, tangawizi, chai ya kijani, mbegu za chia. Wiki iliyotangulia alikaa siku mbili kwa maji na tikiti peke yake, akashikwa na kizunguzungu kwenye daladala, abiria wakampisha kiti wakidhani ni mjamzito. Aliniandikia hilo kama kichekesho. Mimi sikucheka.

Katika ukoo wetu kuna jibu ambalo lingetolewa haraka, nalo ni jibu la bibi yangu. Bibi alizaliwa Ugogo, nchi ya mvua chache, ambako njaa kubwa hupewa majina na majina hayo hurithishwa. Ile wazee waliyoiita Mtunya ilianza 1917 na kuendelea hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamepita yakichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosekana. Wagogo wapatao 30,000 wanakadiriwa kufa. Bibi hakuiona Mtunya, alisimuliwa na mama yake. Yake yeye ilikuwa ya ukame wa 1974, alipolisha watoto kwa unga wa mahindi ya njano ulioletwa kutoka ng'ambo, ambao watu waliuita yanga. Alijua kuinyamazisha njaa. Alijua kumpa mtoto ubuyu amumunye mchana ili asahau mpaka jioni. Alijua kujikaza kanga tumboni. Kwake hizo zilikuwa mbinu za mwaka mbaya, na hakuna aliyezionea fahari.

Hata baadaye, kukonda kulibaki habari mbaya. Miaka ya 1980, UKIMWI ulipoanza kujulikana katika eneo letu la Afrika, Uganda waliuita Slim, yaani wembamba, kwa jinsi ulivyowamaliza watu. Mtu aliyepungua ghafla alinong'onwa. Aliyerudi likizo kijijini akiwa na mashavu alipongezwa, na wazazi wake walilala usingizi. Kumwambia mtu "umenenepa" kulikuwa kumpa salamu njema.

Leo ubuyu ule ule unasagwa, unatiwa kwenye vikopo na kuuzwa mjini kwa watu wanaotaka kupungua. Muuzaji akisema unashibisha hayupo mbali na ukweli, kwani ubuyu una nyuzinyuzi nyingi. Kwa hiyo tunda alilopewa mtoto wa Ugogo ili asilie, linanunuliwa na msichana wa Dar es Salaam ili asile. Na watoto wa aina ya kwanza bado wapo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta kwamba kati ya watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 34 walikuwa wamedumaa. Utafiti huo huo ulikuta kwamba kati ya wanawake 100 wa miaka 15 hadi 49, 28 walikuwa na uzito uliozidi. Hizo ni takwimu za nchi moja, mara nyingi za mtaa mmoja, na huenda za nyumba moja.

Basi ni rahisi kusema: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ni rahisi kumwambia binti kwamba tatizo lake ni la watu walioshiba, kwamba ashukuru. Methali ni ya kweli, lakini nikiitumia hapa nitakuwa nimemnyamazisha yeye badala ya kumjibu. Alipoona nimekaa kimya akaniandikia tena: "Shangazi, wewe hujawahi kuitwa bonge mbele ya darasa zima." Na ni kweli. Mimi ni mwembamba tangu utoto. Nikila nashiba, na nikishiba chakula kinanitoka akilini. Ofisini watu hunisifu kwamba najitunza, kwamba nina nidhamu. Hawajui kwamba hakuna nidhamu yoyote hapo. Nasifiwa kwa ushindi wa vita ambavyo sijawahi kupigana, huku mwenzangu wa meza ya pili, anayepigana kila siku kuanzia chai ya saa nne, akihesabiwa kuwa mlafi.

Hapo ndipo swali linapokuwa la maadili. Tunachukulia kwamba hamu ya kula ni kipimo cha tabia. Lugha yetu yenyewe inatusukuma huko: kutoka njaa hadi hamu, kutoka hamu hadi uchu, kutoka uchu hadi uroho na ulafi, ni kama ngazi inayoshuka, na ukifika chini tayari umeshahukumiwa. Lakini mwili haujui ngazi hiyo.

Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitangaza kuwa wamegundua homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Iliitwa leptini. Mwaka 1999 watafiti wa Japani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, walieleza nyingine, ghrelini, inayotoka zaidi tumboni, inayopanda kabla ya chakula na kushuka baada ya kula. Kati ya ugunduzi huu na ule, madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili, mtu na binamu yake, ambao miili yao haikuweza kutengeneza leptini. Walikula na njaa haikuisha. Mmoja wao, msichana, alipofika miaka 9 alikuwa na zaidi ya kilo 90. Alipoanza kuchomwa sindano za leptini hamu ilishuka, akawa anakula kama watoto wengine, na uzito ukapungua. Hakuhubiriwa, hakuaibishwa, hakupewa methali. Alipewa kitu ambacho mimi nilizaliwa nacho.

Watu wa namna yake ni wachache sana duniani, na kwa wengi wetu sindano hiyo haisaidii. Lakini habari yake inatosha kubomoa ile hukumu ya haraka. Mtu akila kupita kiasi, hatuwezi kujua kwa kumtazama tu anasikia sauti ya ukubwa gani.

Na kuna ushahidi wa upande wa pili, wa watu wenye msimamo usio na shaka. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys aliwachukua vijana 36 waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri zao. Walijitolea kuona njaa ili madaktari wajifunze namna ya kuwalisha tena watu wa nchi zilizoharibiwa na vita. Kwa wiki 24 walipewa kalori zisizofika 1,600 kwa siku, wakapoteza kama robo ya uzito wao. Vijana hawa, waliokuwa na nguvu ya kukaidi taifa zima, walianza kuota chakula, kulamba sahani na kukusanya vitabu vya mapishi. Mazungumzo yao yakawa chakula tu. Tukumbuke kwamba kuna mipango ya kupungua inayosambazwa kwenye simu leo yenye kalori chini ya hizo, na mwisho wake imeandikwa kwamba ukishindwa ni uvivu wako.

Kibaya zaidi, sauti hainyamazi uzito ukishapungua. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya watu 50 waliopunguzwa uzito kwa wiki kumi za chakula kidogo sana. Mwaka mmoja baadaye homoni zao bado zilikuwa zinadai chakula kuliko mwanzo. Mwili haujui kwamba unajiandaa kuvaa gauni la harusi. Unajua tu kwamba akiba imepungua, nao unafanya kazi ile ile iliyowavusha baadhi ya watu wa Ugogo katika Mtunya.

Je, basi hakuna la kufanya? Lipo, na hapa ndipo orodha niliyoahidi moyoni kumpa binti inapoingia. Kula vitu vyenye nyuzinyuzi, maana vinakaa tumboni kwa muda: maharage, kunde, mboga za majani, matunda na maganda yake yanayolika, ugali wa dona badala ya sembe lililokobolewa likawa jeupe kama chaki. Weka protini katika kila mlo, yai au dagaa au maharage hayo hayo, kwa kuwa protini hushibisha kuliko wanga. Kunywa maji kabla ya kula. Kula taratibu, kwa sababu habari ya shibe haifiki kichwani mara moja, inaweza kuchukua dakika 15 au 20. Na lala. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 12 wenye afya saa nne tu kwa usiku mara mbili mfululizo. Leptini ilishuka kwa asilimia 18, ghrelini ikapanda kwa asilimia 28, na hamu yao ikaelekea zaidi kwenye vitamu na wanga.

Ukiitazama orodha hiyo vizuri utaona jambo moja. Hakuna hata kimoja hapo kinachoziba masikio. Maharage yanajibu njaa. Usingizi unajibu uchovu uliokuwa umevaa nguo za njaa. Kula taratibu ni kusubiri jibu lifike. Njia hizi zinafanya kazi, kwa kiasi chake, kwa sababu zinaichukulia njaa kama mtu anayesema kweli.

Zipo nyingine, za asili vilevile, ambazo kazi yake ni kuziba. Mirungi ni majani tu, yanachumwa mtini, na anayetafuna anaweza kumaliza siku bila kukumbuka sahani. Tumbaku ni jani. Mwishoni mwa miaka ya 1920, huko Marekani, matangazo ya sigara za Lucky Strike yaliwahimiza wanawake wachukue sigara badala ya peremende. Chai nyingi zinazouzwa kwa kutaka kupunguza tumbo hazipunguzi mafuta. Zinaharisha, na mwenye kuzinywa anapoteza maji akadhani amepoteza mwili. Kwa hiyo neno "asili", ambalo binti alilishika kama ngao, halitoshi kuwa hoja. Njaa nayo ni ya asili.

Habari inayonionyesha vizuri zaidi tofauti kati ya kuahirisha njaa na kuiziba ni ile ya mmea wa hoodia. Unaota katika ukame wa Kalahari, una miiba, unafanana na dungusi kakati. Wasan, wawindaji wa kale wa kusini mwa Afrika, waliutafuna safarini ili njaa na kiu visiwazuie kumfuata mnyama. Katika miaka ya 1990 taasisi ya serikali ya utafiti ya Afrika Kusini, CSIR, ilisajili hataza ya kitu kilichotolewa katika mmea huo, bila kuwauliza Wasan. Mwaka 1997 leseni ikaenda kwa kampuni ya Phytopharm ya Uingereza, kisha Pfizer wakaingia. Kampuni zilitaka dawa ya kuwapunguza uzito watu wa nchi tajiri. Mwaka 2001, habari zilipotoka magazetini, mkuu wa Phytopharm alinukuliwa akisema alidhani watu wenye maarifa hayo hawapo tena. Walikuwapo. Waliajiri mwanasheria, na Machi 2003 wakatia saini makubaliano na CSIR ya kupata asilimia 6 ya mrabaha ambao taasisi hiyo ingeupata. Lakini Pfizer walijitoa mwaka huo huo. Unilever walioingia baadaye walijitoa mwaka 2008, na majaribio yao yaliyochapishwa 2011 yalionyesha kwamba wanawake waliopewa hoodia hawakula chini ya wenzao, ila walipata madhara. Utajiri waliotarajia Wasan haukuja.

Mara nyingi habari hii husimuliwa kama ya wizi, na sehemu hiyo ni kweli. Mimi nashika jambo jingine. Mwindaji wa Kisan hakutafuna hoodia ili asile. Alitafuna ili aweze kufika kwenye nyama, na nyama ilipofika kambini iligawanywa. Njaa yake ilikuwa imeambiwa isubiri, kwa ahadi, na ahadi ilikuwa na watu ndani yake. Walipouchukua mmea walichukua kile kinachoziba njaa, wakaiacha ile ahadi. Ndiyo maana sioni kwamba anayeinunua hoodia kwenye kopo anafanya alichofanya mwindaji, hata kama mmea ni ule ule.

Fikra hiyo ndiyo inayonisaidia kuelewa kufunga pia. Kwetu ni Waanglikana, tulifunga Kwaresima kwa namna zetu. Majirani zangu wa sasa hapa Tabata hufunga Ramadhani kutoka alfajiri hadi magharibi. Mtu wa nje anaweza kudhani kwamba kufunga na kukata hamu ni kitu kimoja, kwa kuwa vyote ni kutokula. Ni vitu viwili vinavyopingana. Ukitafuta kinga ya kutosikia njaa ndani ya mfungo umeuharibu mfungo, maana ulifunga ili uisikie. Unaisikia saa nane mchana, unamkumbuka anayeisikia bila adhana ya kumfungulia. Kujizuia kwa mfungaji kunamfungulia dirisha kwa wengine. Kujizuia kwa yule binti kulikuwa kunamfungia ndani na kioo chake.

Sisemi kwamba kutaka kupungua ni ubinafsi. Kisukari na shinikizo la damu havina mzaha, na daktari akimwambia mtu apunguze kilo anamwambia habari ya maisha yake. Hata kutaka kupendeza si dhambi. Ninachosema ni kwamba kujizuia hakuna thamani kwenyewe peke yake. Thamani yake inatoka kwenye kile unachojizuia kwa ajili yake, na kama mwisho wake unarudi mezani pamoja na watu.

Na kuna haki nyingine inayosahaulika. Tunamwambia mtu adhibiti hamu yake kana kwamba hamu hiyo ilizaliwa naye. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwakaribisha watu 20 waishi katika kituo chao kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani, wiki mbili vyakula visivyosindikwa hivyo, na mara zote waliambiwa wale watakavyo. Milo iliyowekwa mezani ilikuwa na kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi sawa. Kwenye vyakula vya kiwandani walikula takribani kalori 500 zaidi kila siku, bila kuambiwa. Watu walikuwa wale wale, tabia zao zile zile. Kilichobadilika ni sahani.

Sasa mweke binti huyu mahali pake. Anatoka alfajiri ili awahi daladala, kwa kuwa hosteli zilijaa na anaishi kwa ndugu mbali na chuo. Hajanywa chai. Chuoni kilicho karibu na cha bei ya mwanafunzi ni maandazi, soda, chips mayai. Anarudi usiku, anasoma, analala saa chache, na tumeona saa chache za usingizi zinafanya nini. Mabango njiani yanamwita ale, na picha kwenye simu yake zinamwambia asiwe amekula. Kila mmoja wa hao anaingiza fedha. Halafu tunamwambia: jidhibiti. Kutaka mtu mmoja awe na hekima ya kushindana na mji mzima ni kumtwika mzigo usio wake, na tukiita mzigo huo "maadili" tunalidhulumu neno.

Nimejiuliza basi tungemtakia nini badala ya kutosikia njaa. Kiswahili kina neno ambalo vijana wanalitumia kidogo siku hizi: kukinai. Chakula chenye mafuta mengi au utamu mwingi hukinaisha, unakula kidogo unasikia basi. Lakini mtu naye hukinai, na hapo neno linapanda cheo: aliyekinai ni aliyetosheka na alichonacho, asiyeinua macho kutazama sahani ya jirani. Neno moja linashika tumbo na moyo. Wazee walisema pia: shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Shibe hulevya, njaa hulegeza, na kukinai ni pale katikati ambapo mtu hajalewa wala hajalegea.

Kukinai si sawa na kushinda hamu. Anayeshinda hamu bado yuko vitani, hata akinyamaza. Aliyekinai amejibiwa. Na kujibiwa huku hakuji kwa msimamo peke yake. Kunahitaji chakula cha kweli kinachofikika kwa bei, muda wa kukila, usingizi, na mara nyingi kunahitaji watu. Kwenye sinia mtu anaona mikono ya wenzake, anapunguza tonge kwa ajili ya mtoto, anapumzika akisikiliza habari, na shibe inapata nafasi ya kufika.

Lakini tusijisifu mno kwa sinia zetu, maana sisi nasi tuna uziwi wetu. Nani kati yetu hajalazimishwa? Mgeni akisema nimeshiba, mwenyeji anasikia "nakuonea haya", anaongeza upawa mwingine. Anayekataa anaambiwa anaringa, au chakula cha maskini hakimfai. Tunafundisha watoto kumaliza sahani hata kama tumbo limeshasema basi, kisha wakifika miaka 19 tunashangaa kwamba hawajui kulisikiliza.

Binti alikuja kwangu Jumapili moja. Nilipika maharage ya nazi, dona, na mlenda kwa heshima ya bibi. Kwenye simu nilikuwa nimeshamwambia yale ya orodha, na nilimwambia pia kwamba mwili uliompa kizunguzungu kwenye daladala haukuwa unamsaliti, ulikuwa unamlilia, na kwamba kikiendelea twende pamoja kwa daktari. Hakusema kama amekubali. Alikula, tukaongea habari za chuo, kisha akasukuma sahani ikiwa na ugali uliobaki, akasema, "Ahsante shangazi, nimetosheka." Upawa ulikuwa tayari mkononi mwangu. Nilikuwa na maneno yote ya nyumbani kwetu: ongeza kidogo, umekonda wewe, nimepika kwa ajili yako. Nikauweka upawa chini. Sikujua kama aliyesema ametosheka ni tumbo lake au ni hofu yake, na hakuna namna ningeweza kujua kwa siku moja. Lakini mtu hawezi kujifunza kuisikia shibe yake katika nyumba ambayo kila mtu anabishana nayo.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ni vibaya kutafuta kutosikia njaa, nitasema kwamba ni vibaya kama ni vibaya kutosikia kitu chochote kinachokuambia kweli. Unaweza kuiambia isubiri, watu wema wamefanya hivyo tangu zamani, kwa ajili ya mawindo, kwa ajili ya mtoto, kwa ajili ya Mungu. Unaweza kuijibu kwa maharage badala ya soda, na huenda mwili ukapungua, na huenda usipungue sana. Lakini anayeziba masikio kwa njaa yake haziachi wazi kwa nyingine. Hasikii ya mwenziwe, na siku shibe itakapokuja kubisha hodi, hataisikia hiyo pia.